Mkate Wenye Injini Mbili

Upepo umefunga uwanja wa Porvenir tangu alfajiri,
upepo wa fundo sitini, unaolaza nyasi na kondoo upande mmoja.
Hakuna anayeruka. Tumekaa jikoni nyuma ya hanga,
kibuyu cha mate kinazunguka, mrija mmoja kwa midomo minne,
na Anselmo Oyarzo amechukua mkate akaufanya ndege.

Kisu kimechomekwa ubavu hadi ubavu: mabawa,
ingawa bawa moja lina mpini.
Punje mbili za kitunguu saumu: injini.
"Ukiziweka mbali na kiwiliwili," anasema,
"moja ikizimika, nyingine inakugeuka.
Ileile inayokubeba ndiyo inayokupindua."
Anausukuma mkate, unazunguka mezani, unamwaga chumvi.

Nevenka anacheka. Anaziondoa punje,
anaibandika moja puani, moja kisogoni.
"Zipange mstari mmoja, kama ile ya baba yangu.
Ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma.
Ikifa moja, huendi kushoto wala kulia."
"Kweli. Wala hujui kama imekufa."
Nevenka ananyamaza.
Sote tunajua: baba yake alishika njia na ya nyuma imelala,
akashangaa tu mbona uzio unakuja upesi.

Mimi nina saa mia nne na kumi za kuruka;
kwenye meza hii bado sijaota meno.
Nauliza, utajuaje ni ipi?
"Kwa miguu!" wanajibu pamoja, kama walioapishwa.
Mguu unaokanyaga kwa nguvu, huko ndiko kwenye uhai.
Mguu uliolala, injini iliyolala.
Macho yatakudanganya, mtetemo utakudanganya.
Uulize mguu.

Kisha Anselmo anasimulia, hamtazami mtu:
usiku mmoja juu ya mlangobahari, theluji ikipiga kioo,
mkono wake ulivyoitangulia akili,
ukavuta wenzo, ukaizima iliyo hai.
Sekunde kumi na moja.
"Nilimsikia mama wa kiti cha nne
akimung'unya rozari, neno kwa neno."
Iliwaka tena futi mia tatu juu ya maji.
Tangu hapo kengele ikilia, anaikalia kwanza mikono yake,
anahesabu mpaka tatu, ndipo anaiachilia.

Fundi Eleuterio Mancilla hajasema kitu tangu tuingie.
Anafuta vidole kwenye suruali, anatoa mfukoni pini ya chuma,
anaiweka katikati ya makombo.
Ina tundu ndani, nyepesi kuliko inavyoonekana.
Zamani alifanya kazi Santiago, kwenye yale makubwa
ambayo injini zake huning'inia chini ya bawa
kama viwele.
"Hii ndiyo inayoishika.
Imepimwa ivumilie kila kitu, ila kimoja.
Injini ikishikwa na wazimu, ikalitikisa bawa hadi kwenye mzizi,
hii inakatika. Kwa makusudi.
Injini inakwenda zake. Bawa linabaki."

"Na aliye chini, anayepalilia viazi vyake?"
Eleuterio anainua mabega.
"Hilo sikupewa kulipima."

Tunaitazama pini. Nje bati moja limeng'oka,
linapiga ukuta, linapumzika, linapiga.
Anselmo anaichukua injini ya mbele, anaimenya, anaila.

Saa kumi usiku upepo unachoka.
Naizunguka ndege na tochi, pumzi yangu ikinitangulia,
napapasa pale injini inapokumbatia bawa,
nati kwa nati, glavu nimevua,
maana ufa hausikiki kupitia ngozi ya mwingine.
Vidole bado vinanuka kitunguu saumu.
Nevenka ameshajifunga mkanda kiti cha kushoto.
"Umeridhika?"
"Bado," nasema, napanda,
naziweka nyayo juu ya pedali,
nakanyaga ya kulia, nakanyaga ya kushoto,
niamshe miguu yote miwili.